Vyaelea, Vimeundwa: Wahandisi wa Jeshi katika Vita vya Marekani, 1861–1865

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliosafiri usiku kucha kuja kuwaona vijana wenu, na ninyi wanafunzi wenyewe: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi.

Niliombwa nizungumzie kazi ya mhandisi katika jamii. Naomba radhi, nitapita njia ya mbali. Nimejenga barabara na madaraja kwa zaidi ya miaka thelathini, na mengi niliyoyaelewa kuhusu kazi hii niliyapata nikisoma habari za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyoanza Aprili 1861 na kumalizika 1865, kati ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga kutetea utumwa na yale ya Kaskazini yaliyobaki na serikali ya Marekani. Bibi zetu wa pwani viliwagusa bila wao kujua. Kile kitambaa tunachokiita merikani, kilicholetwa Unguja na meli za bandari ya Salem, Marekani, kiliadimika sokoni miaka ile kwa sababu pamba ya Kusini ilifungiwa bandarini. Lakini leo sikuja kuzungumzia vitambaa. Nimekuja kuwaeleza habari za sururu, sepeto, shoka na baruti, na za watu waliovishika.

Vita vilipoanza, jeshi la Marekani lilikuwa na maofisa wahandisi wasiofika mia moja, na baadhi yao wakaondoka kwenda kupigania Kusini. Karibu wote walitoka shule moja, chuo cha kijeshi cha West Point, kilichoanzishwa 1802. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa chuo kikuu cha uhandisi katika nchi nzima. Waliofaulu vizuri zaidi darasani ndio waliopelekwa uhandisi. Robert E. Lee, aliyekuja kuwa jenerali mkuu wa Kusini, alihitimu 1829 akiwa wa pili katika darasa lake, akaanza kazi kwa kusimamia misingi ya ngome kwenye kisiwa chenye matope karibu na mji wa Savannah, jimbo la Georgia. George McClellan wa Kaskazini naye alikuwa mhandisi. Beauregard wa Kusini, mhandisi. Meade wa Kaskazini, mpimaji ramani. Kwa hiyo mnaposoma habari za majenerali wale, mjue mnasoma habari za watu waliokaa meza moja ya kuchorea, wakafundishwa na walimu wale wale.

Basi elimu pande zote mbili ilikuwa ile ile. Kilichowatofautisha ni kitu kingine, na ndicho kilichonileta hapa.

Tuanze na ile ngome ya Savannah, Fort Pulaski. Ilijengwa kwa matofali yapatayo milioni 25, kuta zake zina unene wa zaidi ya mita mbili. Mwishoni mwa 1861 Lee, sasa jenerali wa Kusini, alirudi pale alipofanya kazi akiwa kijana, akamhakikishia kamanda wa ngome kwamba mizinga ya adui ikipiga kutoka kisiwa cha Tybee itawasumbua kwa makombora, ila kuta haitazibomoa kwa umbali ule. Kwa hesabu aliyofundishwa, alikuwa sahihi kabisa. Lakini Quincy Gillmore, mhandisi wa Kaskazini, alikuja na mizinga ya aina mpya, yenye mifuo ndani ya mtutu inayolizungusha kombora lisiyumbe. Tarehe 10 Aprili 1862 akaanza kupiga kutoka umbali wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Baada ya kama saa 30 ukuta ulikuwa na tundu, na makombora yalikuwa yanaelekea kwenye ghala la baruti. Ngome ikasalimu amri. Matofali yote yale, na kazi ya miaka karibu ishirini, yakawa historia kwa siku mbili. Vijana, kila meza ya hesabu mnayokariri ina siku yake ya kuzeeka. Jueni ilitengenezwa kwa mzinga gani.

Sasa twendeni Virginia, kwenye kijito cha Potomac, Mei 1862. Daraja la reli lilikuwa limeharibiwa na jeshi la Kusini. Akaitwa Herman Haupt, mhitimu wa West Point wa 1835 aliyekwisha kuwa mjenzi wa reli uraiani. Alipewa askari wa kawaida wa miguu, wengi wao hawajawahi kushika msumeno. Mvua inanyesha, vifaa havitoshi, mbao hazijachongwa. Kwa siku tisa Haupt na wale askari walisimamisha daraja lenye urefu wa mita 120 hivi na kimo cha zaidi ya mita 20, kwa magogo yaliyokatwa msitu wa jirani, mengine yana magamba yake. Rais Lincoln alikwenda kulitazama, akarudi Washington akiwaambia watu kwamba amemwona mtu aliyejenga daraja linalopitisha treni zenye mizigo kila saa, na ndani yake hamna kitu ila fito za maharage na mabua ya mahindi.

Maneno hayo huwa nayarudia nikiona kijana aliyetoka chuo akisimama eneo la kazi akisema hawezi kuanza kwa sababu nondo za kipimo fulani hazijafika.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wanasema habari za vyombo vya baharini, lakini mimi siku zote naona yale madaraja ya mashua. Jeshi lilikuwa linasafiri na mashua zake juu ya magari ya kukokotwa na nyumbu. Likifika mtoni, mashua zinashushwa moja moja, zinatiwa nanga sambamba, zinaunganishwa kwa boriti, juu zinatandikwa mbao, na mwisho udongo au majani ili farasi wasishtuke. Juni 1864 Jenerali Grant wa Kaskazini alihitaji kuuvuka mto James, Virginia, bila Lee kujua. Mto ule pale una upana wa zaidi ya mita 600, mkondo una nguvu, tena maji yanapwa na kujaa kama huku kwetu. Wahandisi 450 walianza alasiri ya tarehe 14, na kabla ya usiku wa manane mashua 101 zilikuwa mahali pake. Merikebu zilitiwa nanga kulishikilia daraja mkondo usiligeuze upinde. Kipande cha katikati kiliweza kutolewa ili meli zipite. Kwa siku kadhaa likapitisha magari, mizinga, askari, na makundi ya ng'ombe wa kitoweo. Lee alichelewa kujua.

Hiyo ni sura moja. Sura ya pili ni Fredericksburg, mwaka mmoja na nusu kabla yake, na hiyo huniuma. Jeshi la Kaskazini lilifika mtoni katikati ya Novemba 1862, ng'ambo hakuna adui wa maana. Mashua hazikuwepo. Amri ya kuzileta ilichelewa ofisini na njiani, zikaja mvua, barabara zikawa matope. Mashua zilipofika, Lee naye alikuwa amefika. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba wahandisi wa New York walishuka kwenye maji baridi, ukungu ukiwafunika, wakaanza kuunganisha. Ukungu ulipopungua, wadunguaji wa Mississippi waliojificha kwenye nyumba za ng'ambo wakawamiminia risasi. Hebu fikirieni: mtu yuko kwenye ncha ya daraja ambalo halijakamilika, mikono yote miwili imebeba boriti, hana bunduki, hana pa kujificha. Anaanguka, mwenzake anakuja kuibeba boriti ile ile. Walirudishwa nyuma mara nyingi. Mwisho askari wa miguu walipanda zile mashua wakapiga makasia mpaka ng'ambo, wakawafukuza wadunguaji nyumba kwa nyumba. Siku mbili baadaye, tarehe 13, Kaskazini ilipoteza watu zaidi ya 12,000, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, kwenye vilima ambavyo karibu wiki nne kabla vingeweza kupandwa bila upinzani mkubwa. Mhandisi alifanya kazi yake. Karatasi ndiyo haikufanya.

Kuhusu ramani nitapita haraka, ingawa wapimaji mtaninunia. Jackson wa Kusini alifanya maajabu katika bonde la Shenandoah mwaka 1862 akiwa na ramani ya Jedediah Hotchkiss, ambaye hata mwanajeshi wa mafunzo hakuwa. Alikuwa mwalimu wa shule aliyependa kuchora nchi. Na tarehe 2 Julai 1863, huko Gettysburg, mhandisi mkuu wa jeshi la Kaskazini, Gouverneur Warren, alipanda kilima cha Little Round Top akakikuta hakina askari wa kukilinda, akatambua kwa jicho la mpima ardhi kwamba atakayekishika ameshika uwanja mzima. Akatuma watu mbio. Kwenye msafara wake alikuwepo ofisa kijana anaitwa Washington Roebling, ambaye Januari 1865 alimwoa dada yake Warren, Emily, na wawili hao ndio waliolifikisha mwisho daraja la Brooklyn, New York, mwaka 1883. Wasichana wangu mlioko hapa, msomeni Emily Roebling. Mume alipougua akashindwa kufika eneo la kazi, yeye ndiye aliyekuwa akienda.

Nafika sasa Petersburg, Virginia, na hapa mnivumilie, nitakaa.

Juni 1864 majeshi mawili yalikwama mbele ya mji huo, kila upande umejichimbia. Kikosi cha 48 cha Pennsylvania kilikuwa mbele ya boma moja la Kusini. Wengi katika kikosi kile walitoka Schuylkill, nchi ya makaa ya mawe. Baba zao wachimbaji, wao wachimbaji. Kamanda wao, Luteni Kanali Henry Pleasants, alikuwa mhandisi wa migodi uraiani. Siku moja akamsikia askari wake akisema kwamba wangechimba shimo chini ya lile boma wangeweza kulirusha lote hewani. Neno la askari wa kawaida, akilisema mtaroni. Pleasants angeweza kupita. Hakupita. Alikwenda kwa wakubwa wake na mpango.

Wahandisi rasmi wa jeshi walisema haiwezekani. Mtaro wa chini ya ardhi mrefu kiasi kile haujawahi kuchimbwa vitani, watu watakosa hewa, udongo utawaangukia. Kwa hiyo hawakumpa kitu. Hakupewa mbao, watu wake wakabomoa daraja bovu. Hakupewa toroli, wakabebea udongo kwenye maboksi ya biskuti za jeshi, wameyapigilia fito za kushikia. Hakupewa sururu za mgodini. Wakazitengeneza upya zile za kawaida. Chombo cha kupimia pembe, teodolaiti, kililetwa kutoka Washington, kizee, kwa sababu wahandisi wa makao makuu hawakumwazima cha kwao.

Na hewa? Hapa ndipo wachimbaji walipowashinda wasomi. Karibu na mlango walitoboa bomba la kwenda juu, chini yake wakawasha moto usiozimika. Mlango wakauziba kwa pazia, na chini ya pazia wakapitisha sanduku refu la mbao, kama mfereji, mpaka ncha ya mtaro. Moto ukipandisha hewa chafu bombani, hewa safi inavutwa kupitia lile sanduku hadi usoni mwa anayechimba. Hakuna mashine. Ni moto na mbao, na ujuzi wa watu waliokua migodini. Walianza tarehe 25 Juni. Katikati ya Julai walikuwa chini ya boma, wamechimba mita zaidi ya 150. Adui alisikia mlio wa sururu, akachimba kuwatafuta, asiwapate.

Wakaweka vibuyu — samahani, vipipa 320 vya baruti, jumla kilo 3,600 hivi. Utambi waliopewa ulikuja vipande vipande, wakauunganisha. Alfajiri ya tarehe 30 Julai Pleasants akauwasha. Dakika zikapita, kimya. Nusu saa, saa nzima. Ndipo Sajenti Harry Reese, mchimbaji, na Luteni Jacob Douty wakaingia ndani ya mtaro ule, wakijua mwisho wake kuna nini. Wakakuta utambi umezimikia kwenye kiungo, wakaunga upya, wakauwasha, wakakimbia. Saa kumi na moja kasoro dakika 16 ardhi ikainuka. Shimo lililobaki lilikuwa na urefu wa mita 50 na kina cha mita tisa. Kazi iliyosemwa haiwezekani ilikuwa imekamilika kama ilivyochorwa.

Kilichofuata ni aibu, na sitawaficha. Divisheni iliyofundishwa kuongoza shambulio, ikijua kwamba ni lazima ipite pembeni mwa shimo, ilikuwa ya askari weusi. Siku moja kabla, wakubwa walibadili mpango. Walihofia lawama ya kisiasa iwapo askari weusi wangetangulizwa na kuangamia. Divisheni nyingine ikateuliwa kwa kura. Haikufundishwa, na kamanda wake alikuwa nyuma akinywa pombe. Askari wakaingia ndani ya shimo wakashindwa kutoka. Weusi walitumwa baadaye, kukiwa kumeshaharibika, na wengi wao waliuawa hata baada ya kusalimu amri. Kaskazini ilipoteza watu karibu 3,800. Grant mwenyewe baadaye aliieleza kamati ya Bunge kwamba anaamini kama askari weusi wangetangulizwa, shambulio lingefaulu.

Niwaambie jambo langu. Nikiwa kijana, kwenye barabara moja ya mikoani, tulikuwa tunaweka kalavati. Mzee mmoja wa kijiji akaja na fimbo yake, akanionyesha mwembe, akasema: mwanangu, maji ya masika hufika pale. Mimi nilikuwa na michoro, nina takwimu za mvua, nina kofia ngumu kichwani. Nikamshukuru kwa adabu nikaendelea. Masika yaliyofuata maji yalifika kwenye mwembe. Kalavati halikuwepo tena. Hakuna aliyekufa, Mungu alisaidia, lakini wanafunzi wa shule ya pale walikaa majuma mawili bila kuvuka. Ndiyo maana nikisoma habari za Pleasants kusikiliza neno lile la mtaroni, silisomi kama habari ya vita.

Mwaka huo huo wa 1864, mwezi Mei, huko Alexandria, Louisiana, mto Red ulikuwa umekauka kupita kawaida, na manowari kumi za Kaskazini zimenaswa juu ya maporomoko. Zilihitaji maji ya mita mbili na zaidi. Yalikuwepo ya mita moja hivi. Jeshi linarudi nyuma, adui yuko karibu, na admirali alikuwa anafikiria kuzilipua asimwachie adui. Luteni Kanali Joseph Bailey wa Wisconsin, mtu wa biashara ya magogo, akasema tuuzibe mto. Kwao magogo huteremshwa hivyo: unaziba kijito, maji yanajaa, unafungua, yanachukua kila kitu. Maofisa wengi walicheka. Bailey akapewa watu kama 3,000. Upande mmoja wa mto walikuwa wakata magogo wa Maine, wakiangusha miti na kuilaza matawi yakielekea mkondo. Upande wa pili, ambako miti haikutosha, walifanya kazi askari weusi wa vikosi vya 97 na 99, vilivyoanzishwa kama vikosi vya uhandisi. Walibomoa majengo ya mjini wapate mbao, matofali na mawe ya kujaza makasha ya mbao yaliyozamishwa mtoni. Maji yanafika shingoni, yana kasi, jua kali. Mto una upana wa mita 230. Katikati wakazamisha mashua za mizigo.

Tarehe 9 Mei maji yalizidi nguvu, mashua mbili zikang'oka. Watu walidhani basi. Admirali akaamuru meli ya Lexington ipite kwenye pengo hilo hilo. Ikaingia kwenye mkondo, ikayumba, ikagusa, ikatoka salama, na maelfu kwenye kingo wakapiga kelele. Tatu zaidi zikaifuata. Zilizobaki Bailey hakuziacha: akajenga mabawa ya kuzibia maji juu zaidi, na baada ya siku chache zote zilikuwa zimepita. Akapandishwa cheo kuwa brigedia jenerali, na Bunge likamtolea azimio la shukrani. Wale wa 97 na 99 waliosimama majini hawakutajwa kwa majina. Nawataja hapa kwa namba zao, ndicho nilicho nacho.

Kwa upande wa Kusini kazi ya sepeto iliangukia watumwa. Lee alipowaamuru askari wake kuchimba mahandaki kuizunguka Richmond mwaka 1862, walimbeza kwa kumwita Mfalme wa Sepeto. Kwa macho ya wengi wao kuchimba ilikuwa kazi ya mtumwa. Basi maelfu ya watumwa walichukuliwa kutoka mashambani kwenda kujenga maboma ya kulinda utumwa wao wenyewe. Mahandaki yale ni mazuri, nimeona picha zake: pembe zimekatwa sawasawa, kingo zimeshikiliwa kwa fito zilizosukwa. Nikiyatazama nasikia uzito kifuani.

Nimeacha la kwanza kwa tarehe liwe la mwisho. Usiku wa tarehe 23 Mei 1861, vita vikiwa havijatimiza miezi miwili, watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliiba mashua Virginia. Walikuwa wamepelekwa Sewell's Point kujenga ngome ya mizinga ya Kusini, na bwana wao alitaka kuwapeleka mbali zaidi, kusini, waendelee na kazi hiyo hiyo wakiwaacha wake na watoto. Wakapiga makasia kuvuka ghuba mpaka Fort Monroe, ngome ya Kaskazini, ambayo Lee alikuwa amesaidia kuikamilisha akiwa luteni kijana. Imejengwa Point Comfort, mahali pale pale ambapo mwaka 1619 walishushwa Waafrika wa kwanza kufika koloni la Virginia, watu ishirini na kitu waliotolewa Angola.

Asubuhi Jenerali Benjamin Butler akawahoji. Sheria ya nchi wakati huo ilimtaka amrudishie mwenye mali. Butler alikuwa mwanasheria. Aliuliza walikuwa wanafanya kazi gani, nao wakamweleza: tunajenga boma la mizinga, linaloelekezwa huku. Ofisa wa Kusini alipokuja na bendera nyeupe kuwadai, Butler alimjibu kwamba Virginia imesema si sehemu ya Marekani tena, basi sheria ya Marekani ya kurudisha watumwa haiwahusu. Na kwa kuwa watu hawa walikuwa wakitumika kujenga boma la adui, yeye anawashika kama mali ya vita. Neno baya, mali. Lakini waliosikia walielewa maana yake. Siku chache baadaye walifika wengine, kisha familia nzima na vikongwe na watoto wachanga, na kabla ya Julai kwisha walikuwa mamia. Tarehe 6 Agosti 1861 Bunge likapitisha sheria: bwana anayemtumia mtumwa wake kujenga ngome, handaki au gati dhidi ya Marekani amepoteza haki ya kumdai.

Sepeto walizopewa Baker, Mallory na Townsend ziliachwa Sewell's Point. Siku ile ile waliyopokewa, Butler aliwapa nyingine, wakaanza kumjengea tanuri la mikate ngomeni.

Asanteni kwa kunisikiliza.